Mashine ya Kupandisha Boti Iliyonivua Suruali Ukweni

Kuna aibu ambazo mtu anazificha mpaka anaingia nazo kaburini, na hii yangu ningeificha hivyo hivyo, ila bahati mbaya pale ufukweni kulikuwa na mtu mwenye simu ya kamera nzuri, kwa hiyo nusu ya mtaa wetu wa Bombambili, hapa Songea, wameshaiona na nusu nyingine wamesimuliwa kwa chumvi ya kutosha, ndiyo maana nimeona bora niieleze mwenyewe, nikiwa nimekaa na nikiwa nimevaa. Ndiyo, yule mzee wa kwenye video ni mimi. Ndiyo, yule mama aliyesimama na mwiko ni mama mkwe wangu. Na hapana, sikuwa nimelewa (ningekuwa nimelewa angalau ningepata cha kusingizia).

Mimi ni fundi wa kuchomelea vyuma, mageti, madirisha, vitanda, kibanda changu kipo hapo hapo nyumbani, na mtaani wananiita Baba Oliva kwa sababu ya binti yangu mmoja tu, Oliva, ambaye ni mwalimu huko Kigoma. Mama yake, Skolastika wangu, alifariki msimu wa mahindi mabichi, akaumwa kidogo tu, tukadhani ni malaria, haikuwa malaria. Tangu siku ile nyumba ikawa kubwa. Sijui niielezeje, ni nyumba ile ile ya vyumba vitatu ambayo tulikuwa tunagombania nafasi ya kuweka magunia, lakini sasa nikikohoa sebuleni nasikia kama kuna mtu amekohoa chumbani, nageuka, hakuna mtu. Nikipika ugali, mkono wenyewe unamimina unga wa watu wawili, mpaka leo sijui kupika ugali wa mtu mmoja, basi nakula wangu huku nautazama ule mwingine unavyopoa. Watu wa jumuiya walikuja mwanzoni, wakasali, wakaja tena, halafu kila mtu akarudi kwenye shughuli zake, na siwalaumu kwa sababu hata mimi nimewahi kuwafanyia wenzangu hivyo hivyo. Kazi nazo zikapungua, watu siku hizi wanataka madirisha ya alumini, ikawa inaweza kupita siku nzima mtu pekee niliyeongea naye ni mtangazaji wa redio, na yeye mwenyewe hanisikii.

Sasa jioni moja simu ikaita. Alikuwa mlamu wangu Kastori, kaka wa marehemu mke wangu, mvuvi wa usipa, wale samaki wadogo kama dagaa, kule kwao Nyasa, ziwani. Hatukuwa tumeongea tangu tulipomaliza msiba. Tukasalimiana, tukaulizana habari za mvua, tukaulizana afya, kisha tukaishiwa, ukaja ule ukimya wa simu ambao kila mtu anasikia pumzi za mwenzake na anaogopa kuwa wa kwanza kukata. Ndipo Kastori akasema, "Siku hizi, mlamu, kupandisha boti ndiyo kazi. Vijana wameishia kwenye makaa ya mawe na bodaboda, na mimi mgongo wenyewe ndiyo huu."

"Si kigari kipo?" nikamuuliza.

"Kipo. Lakini si kinataka watu wa kukivuta?"

Hicho kigari nilimchomelea mimi, miaka ile mke wangu akiwa hai. Ni fremu ya chuma yenye matairi mawili, boti ikifika ukingoni unaiingizia chini, unaifunga kamba, halafu watu wanavuta kwa pamoja mpaka juu kwenye mchanga mkavu ambako mawimbi hayafiki. Boti ya Kastori ni ya mbao, nzito kama dhambi, na wakiwa wachache wanatoka hapo wamekunja migongo.

Mtu mwenye akili angesema "pole mlamu" na mazungumzo yakaendelea. Mimi nikasikia kazi. Nawaambia kweli, moyo uliruka kama wa kijana aliyeitwa jina lake. Nikamwambia, "Nitakutengenezea mashine ya kukivuta."

"Mashine?"

"Mashine. Wewe utakuwa unatembea pembeni tu, mikono mfukoni."

"Haya," akasema Kastori, kwa sauti ambayo siku ile niliiona ni ya furaha.

Basi nikaanza. Nilikuwa na injini ya pikipiki iliyogongwa, mwenyewe alikuwa ameitelekeza kibandani kwangu muda mrefu na nilipomuuliza akasema fanya nayo unachotaka, nikaifungua, nikaisafisha, nikaifunga upya. Nikaitengenezea fremu yake yenye ekseli na magurudumu mapana ya gari dogo, nikayapunguza upepo ili yasizame kwenye mchanga, nikaweka gia ndogo upande wa injini na gia kubwa kwenye ekseli, mnyororo katikati, ili kile chuma kiende polepole lakini kwa nguvu, kama ng'ombe wa kulimia. Mbele nikaacha ndoano ya kukamatia kigari, yaani mbele ya kigari, nyuma ya mashine, mnanielewa, mashine inatangulia na boti inafuata. Pedali ya gia ilikuwa inagonga fremu kwa hiyo niliiondoa, nikaiacha injini kwenye gia namba moja milele. Swichi ya kuzimia sikuweka, nilikuwa nazima kwa kuchomoa kofia ya plagi kwa mkono, kama tulivyokuwa tunafanya kwenye mashine za zamani.

Ile ilikuwa miezi mizuri, nisiseme uongo. Nilikuwa naamka na kitu cha kuwaza. Niliongea na ile injini kuliko nilivyoongea na binadamu yeyote, nikiipigia kelele ikigoma, nikiisifu ikiwaka, na jirani yangu Mama Sekunda akawa anapitisha kichwa juu ya ukuta kila siku.

"Baba Oliva, hiyo ni ya kukobolea?"

"Hapana mama, ni ya kupandishia boti."

Akatazama huku na huku, akatazama mahindi yake, akatazama barabara ya vumbi. "Boti hapa Bombambili?"

"Ya ziwani, kwa shemeji zangu."

"Aaa," akasema, akateremka, na nikamsikia upande wa pili anamwambia mtu, "Maskini, tangu mwenzake aondoke."

Hilo lilinichoma, lakini badala ya kuniacha nifikiri, likanitia haraka. Na sasa nawafikisha kwenye kosa lenyewe, maana mikasa yote mnaiona mikubwa lakini ukiifuatilia inaanzia kwenye kitu kidogo kama kucha. Waya wa mafuta, ule wa kuongezea na kupunguzia mwendo, ulikuwa mfupi, haukufika kwenye mpini nilioutengeneza. Nilitakiwa kwenda mjini kutafuta mrefu. Ilikuwa Jumamosi, fuso la jamaa mmoja lilikuwa linaondoka kesho yake alfajiri kwenda ziwani kuchukua samaki, dereva amekubali kunibebea mzigo wangu, na mimi sikutaka kungoja. Nikachukua kipande cha tyubu ya baiskeli, nikaifunga ile leva ya mafuta ibaki ilipo, mwendo mmoja tu, nikajiambia, kuna haja gani, klachi si ipo? Nikibana klachi inasimama, nikiachia inakwenda. Nikaijaribu uani kwangu, ikavuta geti bovu kutoka huku mpaka kule, nikabana klachi, ikasimama. Nikapiga makofi peke yangu.

Safari sitaisimulia, ni baridi ya Mbinga na makorongo ya kuteremkia ziwani na mimi nyuma ya fuso nimeikumbatia injini. Tulifika mchana. Nilikuwa nimevaa suruali yangu ya kanisani na shati jeupe, kwa sababu ukweni ni ukweni, hata ukija na chuma chenye grisi unakuja umevaa. Mama mkwe wangu alitoka jikoni, akasimama mbali kidogo kama desturi inavyotaka, nikainama nikampa shikamoo.

"Marahaba, mkwe. Umefika." Akaangalia mashine. "Na hiki ni nini?"

"Ni ya kumsaidia mlamu, mama. Kupandisha boti."

"Kastori!" akaita. "Umeletewa." Kisha akarudi jikoni kwake, kibanda cha nyasi kilichopo juu tu ya ufukwe, akaanza kunipikia.

Kastori alikuwa amezeeka. Tulishikana mikono muda mrefu, hakuna aliyejua la kusema, tena mimi nikaliona lile pengo na nikalijaza haraka haraka kwa kumweleza habari za gia na mnyororo, akawa anaitikia "eee, eee," anatazama uso wangu badala ya kutazama nilichokuwa namwonyesha.

Boti ilikuwa imetoka majini asubuhi na imeachwa chini ukingoni, ikingoja watu. Watu sasa walikuwepo, maana habari ya mashine ilikuwa imeshazunguka kijiji, wanawake wa kuanika usipa, wazee, watoto wa shule, wote wamejipanga kama wanangoja maandamano ya Jumapili ya Matawi. Tukaingiza kigari chini ya boti, tukafunga, nikakamatisha mashine yangu mbele. Halafu (majivuno haya, Mungu anisamehe) nikakifungua kifuniko cha mnyororo nikakiweka pembeni, ili watu wauone mnyororo unavyozunguka.

Nikawasha. Ikawaka mara moja! Watu wakasema "Aaaa!" Nikaachia klachi taratibu, magurudumu yakazunguka, yakachimba, yakachimba zaidi, boti haikusogea hata kidogo. Mchanga ule si uani kwangu Bombambili. Mzee mmoja akasema, "Imechoka na safari," watu wakacheka, na mimi masikio yakawaka moto, nikainama nikaivuta ile tyubu, nikaikaza mpaka injini ikaanza kulia kama mbuzi wa kuchinjwa. Nikaachia klachi yote kwa mpigo.

Ikaenda. Jamani, ikaenda! Boti ikapanda ufukwe ule kama imekumbuka kwao, mimi natembea pembeni nimeshika mpini, shati jeupe, watu wanashangilia, Kastori anatembea upande wa pili na kwa mara ya kwanza namwona anacheka, na katika hatua chache zile nawaapia nilikuwa mtu mwenye furaha kuliko wote mkoa wa Ruvuma. Tukafika mahali boti inapolala siku zote. Nikabana klachi.

Waya wa klachi ukakatika, ukanibakia mkononi kama mkia wa panya.

Sasa msije mkafikiri ile mashine ilikimbia. Ingekimbia ingekuwa ajali, na mtu akipata ajali anapewa pole. Ile ilikuwa inatembea. Ilikuwa inakwenda mwendo wa bibi anayewahi misa, si haraka si polepole, na hakuna kitu duniani ambacho kingeisimamisha, kwa sababu ndivyo nilivyoitengeneza, na watu wote walikuwa wanatembea pembeni yangu kwa raha kabisa wakinishauri.

"Izime, baba!"

"Naizima!"

"Mbona huizimi?"

Nikapeleka mkono kwenye kofia ya plagi, ambayo sasa ilikuwa imerukiwa na maji ya ziwa, umeme ukanirusha mkono mpaka begani. Nikajaribu tena, ukanirusha tena. Nikafunga koki ya petroli, lakini kabureta ilikuwa bado na mafuta ya kutosha kwa aibu yote iliyokuwa imebaki. Nikainama kukata ile tyubu iliyofunga leva ya mafuta kwa meno (ndiyo, kwa meno, kwenye video mnaniona nimeinama kama naibusu injini), na ndipo mnyororo ukanishika suruali.

Ulianzia chini kwenye upindo wa mguu wa kulia. Nikahisi mtu ananivuta. Nikavuta na mimi. Ukavuta zaidi, polepole, bila hasira, kama mtu anayekunja mkeka, kitambaa kinaingia kwenye gia kidogo kidogo na mimi nalazimika kurukaruka kwa mguu mmoja kando ya mashine ili nisiburuzwe. Mbele yetu kulikuwa na vichanja vya kuanikia usipa. Tukapita navyo. Kichanja cha kwanza kikalala, cha pili kikalala, usipa wa watu ukamwagika mchangani unang'aa kama misumari, wanawake wakapiga yowe na mmoja wao akapaza sauti juu ya wote, "Baba wewe, hiyo inakula usipa au inakula suruali?" Nyuma yangu nikasikia mbao inalia kwenye boti, kisiki kimeigusa ubavuni. Na mbele ya vichanja, moja kwa moja, kulikuwa na jiko la mama mkwe wangu.

Yeye alikuwa mlangoni, mwiko mkononi.

"Mama, toka!" akapiga kelele Kastori. "Toka, inakuja!"

"Sitoki!" akajibu. "Ugali wa mkwe wangu upo motoni, sitoki!"

Suruali ilikuwa imeshafika gotini. Niliona wazi kuwa ikifika pajani haitakula tena kitambaa. Nilikuwa na uchaguzi, na kwa umri wangu nilidhani nimeshamaliza kuchagua mambo ya namna ile. Nikafungua kiuno mwenyewe, kwa mikono yangu, mbele ya kijiji kizima na mbele ya mama aliyenizalia mke, nikatoka kwenye suruali kama nyoka anavyotoka kwenye gamba, nikaanguka kifudifudi mchangani.

Hapa inabidi niwaambie nilichokuwa nimevaa ndani. Mtu anayeishi peke yake anaacha kufua kwa wakati. Bukta zangu zote zilikuwa zimelowekwa kwenye beseni tangu sijui lini, kwa hiyo asubuhi ile nilikuwa nimepekua sanduku nikachukua bukta ya michezo ya Oliva ya enzi za sekondari, ya njano, yenye namba saba kubwa nyeusi makalioni. Nilijiambia, nani ataiona?

"Namba saba!" akapiga kelele mtoto mmoja, na ufukwe mzima ukaitikia.

Mashine nayo ikaendelea bila mimi, ikameza suruali yote iliyobaki, kitambaa kikajaa kwenye gia, kikajikunja kwenye ekseli, injini ikakohoa, ikatetemeka, ikazima, gurudumu lake moja likiwa limegusa nyasi za jiko. Mama mkwe hakuwa amesogea. Suruali yangu ya kanisani ndiyo iliyomwokoa, na ndiyo kitu pekee siku ile nilichokitengeneza kikafanya kazi, tena hata hicho nilikinunua dukani.

Nilibaki nimelala kifudifudi kwa sababu sikujua njia nyingine. Nikasikia nyayo, kisha kitenge kikaangukia mgongoni mwangu, kizito, chenye harufu ya moshi. "Jifunike," mama mkwe akasema, na nilipoinua kichwa alikuwa ameshanigeuzia mgongo, anawafukuza watu kwa mwiko. "Ondokeni! Hamjawahi kuona mtu ameanguka? Kwenu hawaanguki?"

Wakaniketisha nyuma ya nyumba. Kicheko cha watu kilikuwa kinakuja na kupungua, kinakuja na kupungua, na mimi nimejifunga kitenge cha mama mkwe natazama miguu yangu, na nilijisikia peke yangu kuliko hata Bombambili, maana kule angalau hakuna anayeona. Nikagundua mkononi bado nimeshika kitu nilichofungua kiunoni. Suruali ile ilikuwa imenizidi, kila suruali ilikuwa imenizidi, mkanda nao ulishaishiwa matundu, kwa hiyo nilikuwa najifunga kipande cha kanga.

Mama mkwe alikuja akakaa upande wa pili wa uzio wa mafunjo, kwa heshima, hanioni simwoni.

"Mkwe."

"Naam, mama."

"Hicho kitambaa chako cha rangi ya machungwa. Ni kanga ya Skola?"

"Ndiyo, mama. Niliikata. Unisamehe."

"Aliinunua mnadani hapa hapa, mimi nipo." Akasogea karibu na uzio. "Mikanda imeisha Songea?"

"Nimekonda kidogo, mama."

"Kidogo," akasema. Nikasikia anavunja kijiti, anakivunja tena. "Tangu tumzike hujakanyaga hapa. Nikasema basi, mkwe ametuacha, mke hayupo na sisi hatupo."

"Hapana, mama! Nilikuwa natafuta cha kuja nacho."

"Cha kuja nacho."

"Ndiyo."

"Ukaona uje na hicho?"

Upande wa pili wa uzio kukawa na sauti, nikadhani analia, nikainuka kidogo, halafu nikaelewa anacheka, anacheka kwa kujizuia, na mimi nikaanza, na tulipofika katikati ya kicheko sijui nani kati yetu alikuwa wa kwanza kuacha kucheka na kuendelea na lile lingine. Hatukuonana. Uzio ulikuwepo.

Kesho yake boti ilikuwa bado ipo mlangoni pa jiko, ikabidi irudishwe, na walikuja watu wengi kiasi kwamba wengine walikosa kamba ya kushika. Wakaivuta mara moja tu, huku wanaimba jambo lenye namba saba ndani yake ambalo sitalirudia.

"Mlamu," nikamwambia Kastori, "si ulisema watu hamna?"

"Wa kila siku hamna. Wa kuja kumwona mtu aliyevuliwa nguo na mashine, hao wapo." Alikuwa anaziba ufa wa boti kwa pamba na lami, mimi nimemshikia mbao. Akaendelea bila kunitazama, "Halafu mimi sikukuomba mashine, mlamu. Siku ile nilikuwa natafuta la kuongea. Dada amekufa, wewe hupigi, nikajiambia ngoja nimpigie. Sasa simu imepokelewa, nitasema nini? Nikasema habari ya boti."

"Na mimi nikasikia boti."

"Ukasikia boti," akasema. "Ungesema tu nakuja. Mtu wa kunywa naye chai sina."

Nilikaa kwao zaidi ya nilivyopanga. Nilijenga upya vile vichanja, imara kuliko mwanzo, wanawake wakinipitia wanasema "shikamoo, Namba Saba," na nilikuwa naitikia, marahaba, ningefanyaje. Injini niliifungua nikaiacha huko, Kastori anatafuta mtu wa kuiunganisha na mashine ya kusagia muhogo, nimemwambia asinihusishe.

Video ilitangulia kufika Songea. Niliposhuka stendi, mwenye bodaboda alinitazama kiunoni kabla ya kunitazama usoni. Oliva alinipigia kutoka Kigoma siku hiyo hiyo, anacheka mpaka hawezi kusema, "Baba, ile bukta yangu! Baba, ile bukta!" Halafu kicheko kikamwisha, akauliza mbona sikumwambia kuwa nina hali ile, nikamuuliza hali gani, akasema, "Baba, nimekuona." Tulipokata simu nyumba ilirudi kuwa ile ile, sitawadanganya, nikakohoa sebuleni na chumbani kukakohoa, nikapika ugali na ukabaki.

Nimeapa, na Mama Sekunda ni shahidi wangu juu ya ukuta, kwamba sitafunga tena injini kwenye kitu chochote kinachoweza kusogea. Hicho ni kiapo chepesi. Kigumu ni kile kingine, kwamba nikiwakumbuka watu nitakwenda nilivyo, nifike, niseme nimewakumbuka, bila kubeba kitu cha kunisemea. Nimeshajaribu mara moja tu. Nilipanda basi mwezi uliopita, njia nzima mikono inaniwasha, mara mbili nilitaka kushuka Mbinga nikanunue hata kufuli niseme nimewaletea kufuli.

Mama mkwe alikuwa nje anapeta mchele. Nikampa shikamoo, akaitikia, akatazama nyuma yangu kule barabarani, akangoja kidogo.

"Umekuja na nini?"

"Sijaja na kitu, mama. Nimewakumbuka tu."

Mama mkwe alivuta kigoda kwa mguu wake, akakisogeza kivulini upande niliosimama, kisha akarudi kwenye ungo wake akaendelea kupeta.